Barua ya wazi: Mguu uliotoa mfupa nao ni mgonjwa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya afya. Kwa waganga wafawidhi na wakuu wa idara za upasuaji katika hospitali za rufaa na za kanda. Na kwa wanaopanga kitita cha mafao ya bima ya afya.

Waheshimiwa,

Tangu nipasuliwe saratani ya fizi nimehudhuria kliniki mara kumi na moja. Tarehe naziandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja wangu, kwa hiyo hesabu ninayo. Mara zote kumi na moja nimeambiwa nifungue mdomo. Daktari anawasha tochi, anaingiza kijiti, anabonyeza huku na huku, anapapasa shingo kutafuta matezi, kisha anasema, "Safi mama, tuonane baada ya miezi mitatu." Sijaambiwa hata siku moja nipandishe baibui.

Na chini ya baibui ndiko taya langu lilikotoka.

Mimi ni fundi cherehani wa Tanga mjini, mwaka wa 31 huu. Naandika kwa ajili ya mguu wangu wa kulia, na kwa ajili ya kila mahali pengine mwilini ambapo daktari hukata nyama, ngozi au mfupa ili azibe pengo lililoachwa na saratani. Wenyewe kwa wenyewe, sisi tuliojuana wodini, tunapaita "dukani". Mgonjwa mpya akija anaulizwa, "Wewe wamekununulia wapi?" Mmoja mgongoni, mmoja mkononi, mmoja tumboni. Tunacheka, maana wodi ile bila kucheka haikaliki.

Niliyofanyiwa ni haya. Saratani ilianza kama kidonda kwenye fizi ya chini, upande wa kushoto, pale meno mawili yalipolegea. La kwanza nililing'oa nikidhani limetoboka. (Wengi tunachelewa hivyohivyo: jino linang'olewa, shimo halifungi, miezi inakwenda.) Ulipofika wakati wa kupasuliwa, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mfupa na kipande cha taya hakikuwa na budi kutoka. Taya likikatwa likaachwa hivyo, kidevu kinahama upande, mate yanatiririka, kutafuna hakuna. Basi wakauchukua mfupa mwembamba wa mguu wangu, ule wa upande wa nje unaokwenda sambamba na goko. Wenyewe huuita fibula. Wakautoa pamoja na mshipa wake wa damu na kipande cha ngozi, wakaukata vipande ufuate mkunjo wa taya, wakaufunga kwa vyuma, kisha chini ya darubini wakaushona mshipa wa mguuni kwenye mshipa wa shingoni, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nilikaa kwenye meza ya upasuaji kwa muda wa saa kumi na moja.

Mpwa wangu anayesomea utabibu ndiye msomaji wangu. Ameniambia kwamba ni mwaka 1989 tu ndipo David Hidalgo, daktari wa New York, alipochapisha namna ya kulitengeneza taya kwa mfupa huo. Ningeugua wakati nasoma darasa la kwanza, pengine ningebaki na nusu ya uso. Leo natafuna samaki, naongea na wateja kwenye simu na wananielewa. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayetoa shukrani ya punda. Walionishona taya ni mafundi, na fundi humjua fundi.

Ndiyo maana nathubutu kusema. Ukikata kiraka kwenye upindo wa gauni hilohilo unalolitengeneza, kazi haijaisha mpaka urudi kwenye upindo. Usiporudi, mteja ataondoka na gauni lililozibika kifuani, atalifua mara tatu, na huko chini litaanza kufumuka.

Karatasi yangu ya kuruhusiwa ninayo hapa mezani. Taya limeandikwa mistari saba. Mguu umepata mstari mmoja: "jeraha la mguu limepona." Na kwa maana ya jeraha, kweli lilikuwa limepona. Ngozi ilikuwa imeshika. Pale pajani walipokwangua ngozi nyembamba ya kufunikia mguu napo palikuwa pamekauka. Ilikuwa siku ya 19. Kila ninachotaka kuwaambia kilianza baada ya siku hiyo.

Ganzi ilitangulia. Kuanzia chini ya goti upande wa nje mpaka juu ya wayo, nikijishika nahisi kama nimeushika mguu wa mtu mwingine. Nilidhani nitazoea tu. Mwaka jana nilikuwa napiga pindo la gauni la bibi harusi, satini nyeupe, nikaona tone jekundu kwenye kitambaa. Nikakagua vidole vya mkono, vyote vizima. Kutazama chini, pini imesimama juu ya wayo wangu, imezama nusu. Ilikaa pale muda gani, Mungu ndiye ajuaye. Satini ile nililipa.

Kisha likaja gumba. Msuli unaokunja kidole gumba cha mguu umejishikiza kwenye mfupa uleule uliotolewa. Mfupa ukiondoka, msuli unabaki na kovu, kovu linajivuta, msuli unafupika, na gumba linaanza kuinama kama ndoana. Halikuinama kwa siku moja. Mwezi wa nne niliona kandambili zinanivuka. Mwezi wa nane gumba lilikuwa linachimba sakafu.

Wanaoswali watanielewa upesi. Kwenye tahiyatu mguu wa kulia husimamishwa, vidole vikaelekea kibla. Jaribuni kuusimamisha mguu ambao gumba lake halinyooki. Nilihangaika miezi miwili, nikashindwa, sasa naswali kwenye kiti, nami sijawa bibi wa kuswalia kiti. Dini imeruhusu na dini sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba wiki zile za mwanzo, wakati gumba bado lilikuwa linasikia, hakuwepo mtu wa kunionyesha namna ya kulinyoosha kila asubuhi.

Choo cha kuchuchumaa sitaki kukieleza sana. Kifundo cha mguu hakikunjiki vya kutosha, kisigino kinainuka, na mtu mzima unajikuta umeshika ukuta.

Lakini cherehani nitaieleza, kwa sababu ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Yangu ni ya kukanyaga, umeme ukikatika mimi sisimami. Asiyeijua hudhani kibao kile kinakanyagwa kwa nguvu. Hapana, kinachezwa: kisigino kinashuka, vidole vinashuka, kisigino, vidole, na kifundo cha mguu ndiyo bawaba. Mguu wangu wa kulia ndio ulikuwa wa mbele, wa kushoto ukiufuata. Msimu wa Idi nilikuwa natoa magauni manne kwa siku. Sasa natoa mawili, na usiku mguu umevimba naulaza juu ya mto. Nimejaribu kuongoza kwa mguu wa kushoto; gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika, nikarudia, likarudi tena. Miaka 31 ya ufundi, nikajiona mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Kwenye faili langu, ukurasa wa mbele, imeandikwa: "Kazi: fundi cherehani." Aliandika karani wa mapokezi. Kama kuna mwingine aliyeisoma, hakuniambia.

Mpwa wangu ameniambia pia kwamba mguu hauchaguliwi ovyo. Inategemea taya limekatwa upande gani, mishipa ipi ya shingo itapokea damu, na ngozi itakaa ndani ya mdomo au nje. Huenda ungekuwa wa kulia tu. Sawa, ungekuwa wa kulia. Lakini ningejua mapema. Nilikaa wiki tatu nikisubiri kitanda na damu. Wiki tatu hizo ningekuwa nimeshaanza kuufundisha mguu wa kushoto.

Nilichoambiwa siku ya kusaini ridhaa ni hiki: "Huo mfupa mama hauna kazi kubwa, uzito wa mwili unabebwa na goko." Ni kweli, sehemu kubwa ya uzito hubebwa na goko. Lakini upindo nao haulibebi gauni. Mfupa ule umeshikiliwa na misuli, na karibu na goti unazungukwa na mshipa wa fahamu ambao ukijeruhiwa wayo wote unaning'inia, huwezi kuuinua. Madaktari wenyewe wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana huacha kama sentimita 6 hadi 8 juu na nyingine chini, ili goti na kifundo visilegee. Jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa: pengo langu la taya ni sentimita 8, lakini mfupa uliotoka mguuni ni karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu mshipa wa damu lazima uwe na urefu wa kufika shingoni, na mfupa unaozidi huachwa. Ufundi wake naukubali, hata sisi hukata kitambaa kikubwa kuliko kiraka. Ila mteja huonyeshwa kitambaa kabla mkasi haujapita.

Siku moja kliniki alikuja mwanafunzi na dodoso, binti mwenye adabu sana, anataka kujua mguu unaendeleaje. Nilifurahi, nikasema leo leo. Akauliza kama napata shida kupanda ngazi. Nyumba yangu haina ngazi. Kama napata shida kuendesha gari. Swali la nane: kama nashindwa kuvaa viatu virefu. Nikacheka mpaka taya likauma. Hakukuwa na swali la kuchuchumaa, hakukuwa na la kuswali, wala la kukanyaga chochote. Yeye hakuyatunga yale maswali, aliyapokea yalivyo. Kama majibu yangu yameingia kwenye hesabu za mtu, basi humo mimi nimo kama mgonjwa asiye na shida yoyote.

Hapo ndipo naona mzizi wa jambo lenyewe. Mgonjwa anaahidiwa kwamba atarudi kwenye "kazi za kila siku". Za nani?

Kuna mama mmoja wa milima ya Lushoto tuliyelala vitanda jirani. Alikatwa ziwa, wakaziba kifua kwa msuli mpana wa mgongo. Wameupitisha chini ya kwapa ukaja mbele. Naye aliahidiwa kazi za kila siku. Msuli ule kazi yake ni kuuvuta mkono kutoka juu kuja chini. Sasa niambieni, jembe ni nini kama si mkono unaotoka juu kuja chini, tangu alfajiri hadi saa nne? Mteremko aliokuwa akiumaliza kwa siku mbili sasa unamchukua juma zima, na pia ule wa jirani aliokuwa akilima kwa kibarua ameuacha. Miezi ya mwanzo maji yalikuwa yakijaa chini ya ngozi ya mgongo, yanavutwa kwa sindano, yanajaa tena. Kila sindano ni nauli ya kushuka mlima na kupanda. Mara ya nne hakushuka.

Na kuna mzee mvuvi aliyetengenezewa ulimi kwa ngozi ya mkono, upande wa ndani karibu na kiganja, pamoja na mshipa mmoja wa damu. Walichagua mkono wa kushoto kwa kuwa siyo wa kuandikia. Nia njema kabisa. Ila jarife halivutwi kwa mkono wa kuandikia, linavutwa kwa yote miwili. Pale palipotolewa ngozi pamebandikwa ngozi ya paja, nyembamba, imelala moja kwa moja juu ya kano kama karatasi. Chini ya gumba ni ganzi, na maji ya alfajiri yakimpiga, baridi inaingia mpaka kwenye mfupa, vidole havifungi fundo. Alinionyesha mkono ule siku tukisubiri dawa dirishani. "Ulimi nimerudishiwa," akasema, "mkono ndio bei."

Wako pia waliotolewa nyama ya tumbo, ambao ndoo ya lita 20 imewapa ngiri. Na wako wasio na shida yoyote. Nimekutana na wawili waliotolewa mfupa kama mimi, mmoja anaendesha bodaboda na anashangaa nalalamikia nini. Miili haifanani. Lakini mambo haya, ganzi, gumba kuinama, kifundo kukakamaa, maumivu ya baridi, si maajabu yangu mimi. Yameandikwa kwenye majarida ya upasuaji kwa zaidi ya miaka 30. Yanajulikana mahali yanapoandikwa, na hayajulikani kwenye chumba cha kliniki ninakofungua mdomo.

Upasuaji wangu ulifanywa kwenye kambi, madaktari bingwa wenyeji wakishirikiana na wageni waliokaa wiki mbili. Hospitali siitaji, maana sikuandika kumshtaki mtu. Siku wageni wanaondoka mimi bado nalishwa kwa mpira wa puani. Picha zilipigwa, za kabla na za baada, na mojawapo nimeiona imekuzwa ukutani, uso wangu umezibwa macho. Nimeitazama vizuri. Inaishia kwenye mabega.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kitandani kwangu mara mbili. Ya kwanza kunifundisha magongo, ya pili kuhakikisha nimeyaweza. Akasema niandikiwe rufaa nikaendelee na mazoezi karibu na nyumbani. Rufaa ya mionzi iliandikwa, ya mguu haikuandikwa. Nikaenda Dar es Salaam kwa mionzi, wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa, nikilala kwa dada yangu Temeke. Mionzi ndiyo iliyofanya niwe hai nikiandika haya, siichezei. Lakini wiki sita zile ndizo msuli ulikuwa ukijivuta, na kila siku nilipita kwenye milango ya hospitali kwenda na kurudi, naonana na wataalamu wenye makoti meupe, hakuna hata mmoja aliyeagizwa kuutazama mguu.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, kwa pesa zangu, nilimwona kijana mmoja wa mazoezi ya viungo. Alilishika gumba, akalivuta taratibu, akanyamaza kidogo. "Mama, hili tungelianza mapema." Akanionyesha zoezi lenyewe: kukaa kitako miguu imenyooka, kupitisha taulo chini ya vidole, kuvuta kuelekea kwangu huku goti limenyooka, kuhesabu mpaka 30, kupumzika, mara tano, asubuhi na jioni. Hakuna mashine. Hakuna dawa kutoka nje ya nchi. Taulo ninalo tangu nizaliwe.

Ndipo nikaingia kwenye habari ya ulemavu. Nilitaka mkopo wa kununua kijimota cha cherehani, ambacho kinabonyezwa kidogo tu na mguu wa kushoto ungetosha. Nilisikia kwamba katika zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri zinazokopeshwa, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Nikaenda kwenye ofisi moja kuuliza kama nahesabiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ulemavu wako ni upi?"

"Mguu."

Akainuka kwenye kiti akachungulia juu ya meza. "Mbona umeingia unatembea?"

Sikumkasirikia, ana umri wa mwanangu wa mwisho. Nikapandisha baibui mpaka chini ya goti, yeye akageuza uso haraka kwa heshima. Akasema nikalete barua ya daktari. Daktari naye akafungua faili kutafuta habari za mguu, akakuta lile neno: limepona. Ataandikaje kinyume cha faili? Neno la siku ya 19 limenifuata mpaka kwenye meza ya mikopo, miaka mitatu baadaye.

Sasa maombi yangu.

Wakuu wa idara, ongezeni ukurasa mmoja kwenye faili. Nauomba ukurasa kamili, mstari hautoshi. Uwe ukurasa wa mahali palipotolewa, unaojazwa kila kliniki: gumba linanyooka? Kifundo kinakunjika? Ganzi imefika wapi? Anachuchumaa? Anaswali vipi, analima vipi? Kovu limeinuka? (Langu la pajani limeinuka kama ramani ya milima na linawasha usiku, ngozi nyeusi inajulikana kuota makovu ya namna hiyo, na sijaandikiwa hata mafuta ya kupaka.) Dakika tano zinatosha. Na kabla ya upasuaji, yule atakayeshika kisu ndiye aulize kazi ya mgonjwa, amwambie amwonyeshe kwa mikono na miguu jinsi anavyoifanya. Ningekaa kwenye kiti chake nikamchezea kibao cha cherehani hewani, angeona mwenyewe mguu upi uko mbele.

Rufaa ya mazoezi iandikwe siku moja na rufaa ya mionzi, kwa kalamu ileile. Anayekwenda kupigwa mionzi wiki sita afanyiwe mazoezi hukohuko wiki hizo sita, maana nauli keshailipa.

Mnaoruhusu kambi za upasuaji, wageni waje, tunawahitaji. Ila kibali kisitoke mpaka lipatikane jina la mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwenyeji atakayebaki na orodha ya wagonjwa mwaka mzima, na malipo yake yawe ndani ya bajeti ya kambi. Anayeleta darubini ya kushonea mishipa hatashindwa kulipia mtu mmoja na simu yake.

Wa bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na wakati kitita kinapangwa ndio wakati wa kusema. Mazoezi ya mguu uliotoa mfupa, ya bega lililotoa msuli, ya mkono uliotoa ngozi, yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu ya saratani, kama kunyofoa nyuzi kunavyohesabiwa kuwa sehemu ya upasuaji. Yakiwekwa kwenye fungu la maradhi mengine hatutayapata. Vivyo hivyo soli za kuegemeza mguu na vishikizo vya kifundo. Hapa nchini tunao mafundi wa vitu hivyo. Pale Moshi chuo cha TATCOT kinawafundisha tangu 1981. Mimi kuwepo kwao nimekujua kupitia mteja aliyekuja kushonewa sare.

Na Mheshimiwa Waziri, kwako nina moja tu. Lile neno "limepona" lisitoshe tena kumfunga mtu. Atakayeandika kwamba mahali palipotolewa pamepona, aandike pamepona nini: ngozi au kazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na mtu mwenye mguu kama wangu asikwame kwa sababu ya neno lililoandikwa akiwa bado kitandani, hajakanyaga chini.

Mtu ameniuliza kama ningejua haya yote ningekubali kupasuliwa. Ningekubali. Mguu uleule, siku ileile. Ila ningekwenda na taulo langu.

Kliniki yangu ya kumi na mbili ni mwezi ujao. Nimejishonea gauni kwa ajili ya siku hiyo, kitambaa cha buluu, lina vifungo upande wa kulia kuanzia gotini mpaka chini, tisa. Nimeufanyia upindo mara mbili. Daktari akiwasha tochi atanisubiri kidogo, kwa sababu nitaanza na vifungo.

Wenu,
Fundi cherehani, Tanga